Namba Nilizozilainisha

Siku ya kuniaga, mkurugenzi alisoma karatasi iliyosema kwamba kwa miaka yote niliyokaa katika chumba cha hesabu sikuwahi kupeleka karakana namba yenye kosa. Mkapiga makofi. Mimi niliisukuma kando sahani ya pilau. Sikumkatiza, kwa sababu watu walikuwa wamevaa vizuri na wake zetu walikuwepo, lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, kesho yake nikaamka nimekasirika zaidi, na leo ni wiki ya tatu bado sijatulia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaobaki katika chumba kile, mnaokaa mbele ya kompyuta, mjue kilichotokea. Vyeo havina faida kwenu, nitaviruka. Nitasimulia bomba moja tu.

Nilitoka Mwera, wilaya ya Pangani, nikaja Tanga katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na cheti cha shule na viatu vya kuazima. Karakana ilikuwa ileile mnayoijua, upande wa reli, ila wakati huo ilikuwa ya kampuni binafsi iliyofunga injini za dizeli kwenye mashamba ya mkonge. Kampuni imeshakufa, jina lake halina kazi hapa. Chumba cha hesabu kilikuwa nyuma ya stoo ya vipuri: meza mbili, dirisha moja lenye wavu, vitabu vya logi vya kuzidishia, vilivyong'oka majalada, karatasi za miraba, na mashine ya kuhesabia ya mkono, ya chuma cheusi. Ukizungusha mpini kwenda mbele inajumlisha, ukizungusha kurudi nyuma inatoa. Ilikuwa nzito kama kinu na ilikuwa na kengele iliyolia kila ulipopita sifuri.

Mkubwa wa chumba alikuwa Mzee Yohana Shekiondo, Mshambaa wa milimani, Mlutheri asiyekosa ibada. Alijifunza kukokotoa jeshini wakati wa vita, katika kikosi cha mizinga. Huko, alisema, namba ikikosewa inawaangukia watu wako mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia asubuhi ya kwanza.

"Marahaba. Hebu andika saba."

Nikaandika.

"Andika moja."

Nikaandika.

"Sasa niambie ipi ni ipi."

Sikuweza kumwambia kwa hakika. Siku ile yote niliandika tarakimu, kurasa kwa kurasa, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka saba yangu ikapata mkato katikati na moja yangu ikasimama wima. Siku ya pili alinipa kanuni zake. Usifute kwa raba. Kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke. Kila karatasi iwe na nakala ya kaboni. Kila safu ijumlishwe mara mbili, mara ya pili kutoka chini kwenda juu, kwa sababu macho yaliyokosea njia moja hukosea tena yakiipita njia hiyohiyo. Nilidhani ni ukali wa uzee. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Nilipanga chumba Usagara, katika nyumba ya vyumba sita yenye uwanja katikati. Chumba cha jirani aliishi Hamisi Mwakombo, Mdigo, mwendeshaji wa injini katika kampuni yetu, na mkewe Mwanaidi. Hamisi ndiye aliyenionyesha njia ya kwenda kazini na ndiye aliyenikaribisha kula mwezi wa kwanza, nilipokuwa sina sufuria. Alikuwa na masikio ya ajabu. Alisikiliza injini kama watu wanavyosikiliza mgonjwa anapopumua, na alikuwa akijua ipi itaharibika wiki ijayo.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Injini kubwa za dizeli za wakati ule hazikuwashwa kwa ufunguo. Unajaza upepo kwenye matangi kwa kompresa, mashine ya kubana upepo, kisha unafungua vali, upepo unakimbia ndani ya bomba na kusukuma pistoni mpaka injini ishike. Mafundi walisema upepo. Sisi wa hesabu tulisema hewa, ili tuonekane tumesoma. Mhandisi mkuu, Bwana Harwood, alitaka matangi yakae katika banda lao peke yao na yahudumie injini mbili kwa bomba moja refu la yadi sabini. Injini ya kwanza inachukua upepo njiani, ya pili iko mwisho kabisa. Ukiwasha ya kwanza, vali ya injini ya pili imefungwa, kwa hiyo mwisho wa bomba ni ukuta.

Bwana Harwood hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alijua kwamba hewa si kama maji, kwamba inabanika, na ikibanwa ghafla inapata joto. Alijua pia njia mpya ya kukokotoa jambo hilo, ambayo wengi wa rika lake hawakuwa wameisikia. Unaligawa bomba vipande ishirini. Unaugawa wakati hatua ndogo, kila moja sehemu ya mia ya sekunde. Kwa kila kipande unaandika mambo matatu: presha, ambayo ninyi mnaiita kanieneo, mwendo wa hewa, na joto. Mstari wa kwanza wa karatasi ni bomba lililotulia. Mstari wa pili unaupata kwa kuuliza kila kipande na majirani zake wawili wa mstari wa juu: nini kimeingia, nini kimetoka. Wa tatu unatoka kwenye wa pili. Hiyo ndiyo kazi ambayo kompyuta zenu zinaifanya mkiwa mmekwenda kunywa chai. Sisi mstari mmoja ulituchukua asubuhi hadi jioni, na mkono ukavimba.

Ilipofika mstari wa sita namba zikaanza kurukaruka. Kipande kimoja presha juu, cha pili chini, cha tatu juu. Mstari wa saba vilevile na zaidi. Wa tisa ukaniambia kwamba presha ndani ya bomba imepungua kuliko sifuri, jambo ambalo hata mimi wa Mwera nilijua haliwezekani. Bwana Harwood alizitazama karatasi, akazitupa juu ya mashine.

"Wewe nalala kazini," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kugombeza wapishi.

Mzee Yohana akazirudia hesabu zangu zote kwa mkono wake. Zikatoka zilezile. Akaweka kidevu mkononi, akaniuliza, "Sauti inakwenda mwendo gani hewani?"

Nikamtajia.

"Na hewa yenyewe inakimbia, sauti imepanda juu yake. Kwa hatua yako moja inafika wapi?"

Nikakokotoa pembeni ya karatasi. Ilivuka kipande kimoja na kuingia cha pili.

"Lakini wewe unamwuliza jirani wa karibu tu," alisema. "Habari imeshampita. Unamwuliza mtu asiyejua, naye anakujibu hivyohivyo."

Tukapunguza hatua ya wakati kuwa nusu, tukaanza upya. Namba zikatulia. Wiki tatu za kazi zilikwenda jalalani, na Bwana Harwood akawaandikia wakubwa wake ng'ambo kwamba ameona kasoro na ameirekebisha. Barua hiyo aliinakili karani wa ofisi, ndivyo tulivyojua. Mzee Yohana alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Wimbi likatembea kwenye karatasi zetu kama linavyotembea bombani. Mwisho wa mwezi wa pili lilifika ukutani, mwisho wa bomba, likarudi. Pale lilipogonga, joto likapanda. Halikupanda kidogo. Namba niliyoiandika katika kipande cha ishirini ilikuwa joto la kuwasha mafuta bila kiberiti. Na mafuta yangekuwepo, kwa sababu kila kompresa hutema mafuta kidogo pamoja na upepo, na mafuta hayo husafiri mpaka mahali ambapo upepo hauendelei, ndiyo kusema mwisho wa bomba.

Nilifikiri nimekosea. Mzee Yohana naye hakuamini mara moja. Alinifanya nikate robo ya mwisho ya bomba vipande vidogo mara mbili zaidi, na hatua za wakati nusu tena, kisha nirudie kuanzia pale wimbi linapoingia. Ilikuwa kazi ya siku kumi na moja. Joto lilitoka vilevile, juu kidogo.

"Ule mchezo wa mwanzo," aliniambia, "tulipobadilisha hatua ulikwisha. Kwa hiyo ulikuwa wetu. Hili tumelibadilishia hatua na limebaki. Hili ni la bomba."

Kama mtachukua kitu kimoja cha kazi katika maandishi haya, chukueni hicho. Kata vipande upya, tazama kinachobaki.

Tulizipeleka karatasi ofisini. Bwana Harwood alizisoma zote akiwa amesimama. Nje, kwenye uwanja, mabomba yenyewe yalikuwa yameshashushwa kutoka bandarini na yamepangwa juu ya magogo. Banda la matangi kwenye shamba la mkonge ambako bomba lingefungwa, barabara ya Pangani, lilikuwa limeshaezekwa.

"Hii moto hapa mwisho natoka wapi?" aliuliza.

"Hewa imebanwa ukutani, bwana," alisema Mzee Yohana. "Tumeikokotoa mara mbili."

"Namba hapana safi. Lainisha."

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu ninyi pia mnalainisha na mnajua kwamba si haramu. Mahali wimbi linapopanda ghafla, namba hutetemeka kidogo, na njia yenyewe inaruhusu kuchukua kila namba na kuiweka wastani wa yenyewe na majirani zake wawili. Mara moja. Tulikuwa tumeshafanya hivyo mara moja. Yeye alitaka turudie, na turudie, mpaka ile ncha ya joto iingie ndani ya mstari iwe kilima cha kupandwa na watoto.

"Mara moja inaondoa mtetemo," alisema Mzee Yohana. "Mara tano inaondoa habari. Mimi siwezi kuweka sahihi yangu hapo, bwana."

Bwana Harwood hakupandisha sauti. Siku ileile Mzee Yohana alihamishiwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kupima kwenye mizani. Mtu aliyeelekeza mizinga vitani. Kisha mhandisi akanigeukia mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sitajitetea zaidi ya hapo. Sikutaka kurudi Mwera kuangua nazi za baba yangu mdogo, na chumba kile, na mashine ile, nilikuwa nimevipenda. Nililainisha mara tano. Baada ya ya tatu nilikuwa naona aibu kuzungusha mpini. Baada ya ya tano kipande cha ishirini kilikuwa na joto la chai. Nikaandika jina langu chini, kwa mwandiko mzuri, saba zangu zote zina mikato.

Bomba likafungwa. Hamisi ndiye aliyechaguliwa kuendesha injini zile, kwa sababu ya masikio yake. Siku ya kuwasha nilipelekwa na lori pamoja na mafundi, tukapita mkonge mistari kwa mistari mpaka kiwandani, mahali pa kuchakata majani na kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge. Wazungu walisimama mlangoni na glasi mikononi. Hamisi alinivuta kando, mkono wake juu ya gurudumu la vali.

"Yakhe, hesabu zenu zasemaje?" aliniuliza. "Nifungue polepole, ama nifungue kwa mara moja? Bomba refu hili silizoei."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nayajua yaliyomo mwisho wa bomba lile kuliko mtu yeyote pale, na Bwana Harwood alikuwa hatua sita kutoka tulipokuwa.

"Fungua tu," nilisema.

Akafungua. Injini ikashika. Watu wakapiga makofi.

Ilichukua miezi mitano. Mafuta yalihitaji muda wa kukusanyika kama utando ndani ya bomba, ambao hauondoki hata yale ya chini yakimwagwa kila asubuhi. Asubuhi moja Hamisi alifungua vali kuwasha injini ya kwanza, na bomba likapasuka kule mwisho, karibu na injini ya pili. Vipande vilitoboa paa. Mafuta yalianza kuwaka ndani kabla bomba halijapasuka, na wakati huo Hamisi alikuwa ameshatoka kwenye vali na kuikaribia injini ya pili ili aikague, kama alivyofanya kila siku. Walimleta hospitali Tanga kwenye lori la singa. Aliishi. Macho yote mawili yalikwenda, na sikio la kushoto.

Siku ya nne walikuja wakaguzi wawili wa kampuni kutoka makao makuu, na mkalimani. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, Mwanaidi amekaa sakafuni.

"Ulifungua vali vipi?" mkalimani aliuliza.

"Nilifungua kama nilivyoambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

Kichwa chake chote kilikuwa kimefungwa bandeji. Aligeuza uso upande niliokuwa nimesimama. Alikuwa ameshanisikia nikiingia, kwa sikio moja lililobaki.

"Na kazi," alisema. "Kazi ndiyo iliyoniambia."

Wakaandika. Mimi nilitazama misumari ya kitanda.

Baraza la uchunguzi lilikaa ofisini kwa Bwana Harwood, naye akiwa mmoja wa watatu waliokaa. Walikuwa wameshaamua. Kila asubuhi, mwendeshaji hutakiwa kufungua kijibomba cha chini kutoa mafuta yaliyokusanyika. Wao walisema Hamisi hakufungua. Mwanaidi alipopata habari hizo alikusanya suruali tatu za kazi za mumewe akaja nazo ofisini, kwa miguu, mchana wa jua kali. Karani akamzuia mlangoni. Nilimkuta kwenye ngazi.

"Suruali zake nazifua mimi," aliniambia, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu ilivyopata kuwa tangu siku hiyo. "Hapa magotini, tazama. Kila siku alipiga magoti chini ya bomba lile, kila siku zarudi na mafuta. Asiyefungua huchafukaje? Waambie wanuse."

Hakuna aliyenusa.

Safari hii nilisema. Nilipoitwa ndani nilieleza yote yaliyohusu karatasi: joto la kipande cha ishirini, kukokotoa mara mbili, kulainisha mara tano kwa amri. Mzee Yohana aliitwa kutoka kwenye mizani yake, akasema hayohayo, kwa maneno machache zaidi. Wakataka karatasi za mwanzo. Nikaenda kabatini, na kabati lilikuwa tupu. Karatasi na nakala zake za kaboni, zote. Kilichokuwepo ni ile safi yenye sahihi yangu. Mmoja wa wale watatu, mtu mwenye adabu, aliiweka mbele yangu.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa. Kipi?"

Niliwaambia nilidanganya wakati ule. Akaandika kitu, akaniambia nitoke. Ripoti ilitoka wiki iliyofuata: ajali imesababishwa na uzembe wa mwendeshaji. Mzee Yohana alifukuzwa siku hiyohiyo. Mimi walinibakiza, na nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu walikuwa wameshaona kwamba mkono wangu unaweza kusukumwa.

Mashamba mengine mawili, moja ng'ambo ya Muheza na jingine upande wa Mwera kwetu, yalikuwa na mabomba ya mchoro uleule. Moja lilikuwa limeshaanza kazi. Mzee Yohana alihamia Muheza kwa shemeji yake, nami nikawa namfuata kila Jumamosi baada ya kazi na kila Jumapili akitoka kanisani. Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na penseli, kitabu cha logi, na meza ya kulia chakula ambayo watoto wa shemeji walikatazwa kuigusa. Tukalikokotoa bomba lote upya kutoka kichwani. Kisha tukalikokotoa tena, vali ikifunguliwa kidogo kidogo badala ya kwa mara moja. Ilituchukua miezi mitatu. Vali ikifunguliwa polepole, kwa kuhesabu hadi thelathini, wimbi halikusimama wima, lilipanda kama mteremko, na joto la mwisho wa bomba lilikuwa la kawaida. Hakukuhitajika bomba jipya wala banda jipya. Kilichohitajika ni mkono kujua.

Nilitaka kuwaandikia wakubwa. Nilikuwa nimeshaandaa barua. Mzee Yohana aliisoma akaikunja.

"Watasema tumekosea tena," alisema. "Nenda kwa wanaoshika vali."

Nikaenda. Niliazima baiskeli, nikafika shamba la ng'ambo ya Muheza Jumapili mchana. Mwendeshaji alikuwa Mbondei, jina lake Petro, mtu mzima, mnene, aliyekuwa akipaka injini mafuta siku ya mapumziko kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono.

"Nani ameagiza?" aliuliza.

"Hakuna aliyeagiza. Ni mimi."

"Na wewe ni nani hata nikusikilize kuliko mhandisi?"

"Mimi ndiye niliyeandika zile namba za uongo. Kule kulikopasuka."

Nilikuwa tayari anipige, ingekuwa nafuu. Badala yake aliinuka akaenda kwenye vali, akaizungusha bila upepo, akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini akauliza, "Hivi?"

"Hivi."

"Na kijibomba cha mafuta?"

"Kiache wazi mpaka injini ishike. Kipumue."

"Nitamwambia na mwenzangu wa zamu," alisema. Hakunikaribisha maji. Kule upande wa Mwera mwendeshaji alikuwa kijana wa ukoo wetu; yeye alinielewa haraka, na aliniuliza swali moja tu, kwamba Hamisi amejua haya? Nilipanda baiskeli nikaondoka.

Hakuna bomba jingine lililopasuka. Baada ya mwaka, Bwana Harwood katika ukaguzi aliona waendeshaji wote wawili wanafungua vali wakihesabu. Aliuliza, wakamwambia wamezoea. Hakuwa mjinga, nimeshasema. Mwezi uliofuata tangazo lilipigwa chapa na kutundikwa katika kila banda la injini: fungua vali polepole, hesabu hadi thelathini, acha kijibomba wazi. Chini yake, jina lake. Kampuni ilimsifu kwa barua iliyosomwa mbele yetu uwanjani. Nilisimama safu ya tatu nikaisikiliza. Kama alijua kwamba kuhesabu kunaokoa, basi alijua kilichompofusha Hamisi, na ripoti aliyoitia sahihi ilikuwa kwenye kabati lilelile ambamo nakala ya tangazo iliwekwa. Aliondoka nchini kabla ya uhuru, kwa heshima zote.

Miaka ilipita. Serikali ilichukua karakana, mimi nikapewa funguo za majalada. Siku ya kwanza ya kuwa na funguo nililitafuta jalada lile. Ripoti ilikuwepo, imepigwa muhuri. Niliandika kurasa mbili za kuisahihisha, nikaeleza bomba, joto, kulainisha na amri, nikaweka sahihi na kuzibandika juu ya ripoti ili asomaye aanze nazo. Mzee Yohana alikuwa ameshafariki. Nikachukua nakala nikaenda Usagara, nyumba ileile, chumba kilekile.

Hamisi alikuwa uwanjani anasuka kamba. Alinitambua kwa hatua zangu. Nilimsomea kurasa zote mbili. Mwanaidi alisimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Karatasi mimi siioni," alisema Hamisi nilipomaliza. "Na jalada halisemi. Walioniita mzembe wangali wafanya kazi pale. Wasomee wao. Nami niwepo."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba asubuhi moja, kabla ya kengele ya kazi, mafundi wote walikusanyika uwanjani, Hamisi akakalishwa kwenye kiti mbele yao, mkewe pembeni. Nilisoma. Nilisoma vizuri, bila kukwama. Nilipofika mwisho nikaishusha karatasi.

"Umeruka mahali," alisema Hamisi.

Niliitazama karatasi, ingawa nilijua haimo.

"Siku ya kuwasha nilikuuliza," alisema. "Waambie nilikuuliza nini, nawe ulinijibu nini."

Nikawaambia. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu, hata Mzee Yohana, hata mke wangu. Fundi mmoja mzee aliyekuwa nasi kwenye lori siku ya kuwasha aliinamisha kichwa. Mwingine, kijana, alitema mate chini na kuondoka, na sikumlaumu.

Hamisi akauliza, "Na yule mhandisi, yupo?"

"Alikwisha rudi kwao. Siku nyingi."

"Hajasikia?"

"Hajasikia."

"Basi hii ni nusu," alisema, akaunyosha mkono wake Mwanaidi amwinue.

Nilimwandikia Bwana Harwood mara nne kwa anwani iliyokuwa kwenye majalada, na barua moja kwa waliorithi kampuni. Hakuna aliyejibu. Hamisi alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, kwa sababu Mwanaidi aliruhusu. Makaburini aliniuliza kama kuna barua yoyote imekuja. Nikamwambia hakuna. Akajifunika kanga yake vizuri, akaniambia niendelee kuandika.